Bakteria wangu wa tumbo la mbuzi ni spishi mpya?

Swali: "Papa Daktari, ni mimi binti yenu wa Panzi, hapa Bukavu. Namaliza masomo ya mifugo, na memwari yangu inahusu bakteria wa tumboni mwa mbuzi. Nilichukua majimaji ya tumbo la kwanza la mbuzi wa Kabare aliyechinjwa. Nikapika mchuzi wa nyasi kavu na peptoni, nikauchemsha nusu saa juu ya gazi, kisha nikaotesha ndani ya chombo chenye mshumaa ili oksijeni iishe. Nilipata fimbo ndogo za Gramu chanya. Jamaa yangu aliyeko Ulaya alinisaidia kusomesha jini ya 16S, ile inayotumika kutambua bakteria, zikatoka herufi 740 za DNA. Ndugu wa karibu kabisa ni Bacillus mmoja, wanafanana kwa asilimia 97,1. Mwalimu anayenisimamia anasema chini ya asilimia 98,7 ni spishi mpya, niipe jina. Ningependa kuipa jina la marehemu baba, aliyekuwa mfugaji. Nifuate njia gani?"

Jibu:

Binti yangu, pole kwa baba, na pongezi kwa kazi. Kuotesha bakteria wa mbuzi kwa gazi na mshumaa kunahitaji moyo. Nimesoma barua yako mara tatu, na nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza, nalo ni mchuzi. Jina tutalifikia.

Unasema uliuchemsha nusu saa. Ziwa letu, Kivu, liko mita 1460 juu ya usawa wa bahari, na mtaa wako uko juu ya ziwa. Huku kwetu maji hutokota yakifika nyuzi 95 hivi. Ukiongeza moto yatarukaruka sufuriani, lakini joto halipandi. Bakteria wengi hufa hapo. Bacillus hafi. Mambo yakimwia magumu hujifungia ndani ya spora, mfano wa mbegu kavu yenye ganda juu ya ganda, na spora inaweza kuvumilia maji yanayotokota kwa muda mrefu kuliko subira ya mpishi. Na makazi yake ni wapi? Udongoni, vumbini, kwenye nyasi kavu. Mwaka 1876, Mjerumani Ferdinand Cohn alipoeleza spora za Bacillus subtilis, alikuwa anachungulia mchuzi wa nyasi kavu uliochemshwa. Ndio mchuzi uliopika wewe.

Kwa hiyo nakuuliza: je, uliacha chupa moja ya mchuzi ule ule, ukaifunga na kuiweka pamoja na nyingine, bila kuitia tone la mbuzi?

Nauliza kwa sababu yamenipata. Nikiwa na umri kama wako nilifanya kazi miezi mitatu na bakteria niliyeamini nimemtoa kwenye utumbo wa ng'ombe wa Walungu. Nilimchora, nikampima kwa sukari kumi na mbili, nikaanza kuandika. Siku moja nikisafisha rafu nikakuta chupa ya mchuzi iliyosahaulika nyuma ya sanduku la pamba, chupa ambayo sikuitia kitu. Ilikuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, na juu yake umetanda utando mweupe wenye mikunjo. Nikaweka tone chini ya hadubini, nikaona fimbo zile zile, na spora zile zile katikati ya fimbo. Bakteria wangu alitoka kwenye nyasi za mchuzi. Niliumia sana siku ile, na tangu hapo sijaotesha kitu bila chupa tupu pembeni.

Dawa yake haihitaji mashine. Mwaka 1877 John Tyndall, mwana wa Ireland aliyefanya kazi London, alionyesha njia ya kuchemsha kwa vipindi. Chemsha leo, acha mchuzi kwenye joto la chumba hadi kesho ili spora ziote, chemsha tena, na kesho kutwa rudia mara ya tatu. Spora iliyoota imevua ganda lake, na moto wa kawaida unaiua. Ukipata sufuria ya presha ni bora zaidi, ila usizifuate dakika 15 za vitabuni. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo ndani ya sufuria ya kawaida hufiki nyuzi 121. Mimi huacha dakika 30, nikihesabu tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu.

Sasa mshumaa. Mshumaa hauondoi oksijeni. Unazimika mapema huku sehemu kubwa ya oksijeni bado imo chomboni. Kilichoongezeka ni gazi ya kaboni (kaboni dioksaidi). Vijidudu fulani huipenda hali hiyo, lakini sio hali ya tumboni. Lile tumbo la kwanza, ambalo wanawake wanaosafisha matumbo sokoni hulikwangua kwa maji moto mpaka libaki kama taulo, lina joto la nyuzi 39 na karibu halina oksijeni kabisa. Mililita moja ya majimaji yake hubeba bakteria bilioni kumi au zaidi, na walio wengi hewa ni sumu kwao. Ulipofungua chupa yako ya sampuli, hao walianza kufa mkononi mwako.

Aliyetufundisha kuwaotesha ni Mmarekani Robert Hungate, kuanzia miaka ya 1940. Unachemsha mchuzi ili hewa itoke, unapitisha juu yake gazi ya kaboni iliyosafishwa oksijeni, unatia sisteini inayomeza oksijeni iliyobaki, unaziba kwa kizibo kizito cha mpira, na kila kitu baada ya hapo kinapita kwa sindano. Ndani unaweka pia chembe ya rangi iitwayo resazurini. Natamani ungeiona kwa macho yako. Chupa ikiwa nzima, mchuzi una rangi ya chai hafifu isiyo na maziwa. Toboa kizibo kwa sindano iliyobaki na hewa kidogo, uishike chupa kwenye mwanga wa dirisha. Juu kabisa, chini ya mpira, utatokea mstari wa waridi, mwembamba kama uzi. Baada ya dakika chache uzi umekuwa utepe, nao unashuka. Hiyo ni oksijeni unayoitazama ikiingia, na chupa hiyo haifai tena kwa bakteria wa rumeni, yaani lile tumbo la kwanza.

Kwa vile bakteria wako aliota chini ya mshumaa, anavumilia hewa. Kwa hiyo anaweza kuwa ametoka kwenye mchuzi, au ni msafiri, spora iliyomezwa na majani ikapita tumboni bila kuamka, au ni mkaaji kweli. Chupa tupu itakujibu kuhusu mchuzi. Kumtenga msafiri na mkaaji, rudi kwa mbuzi wengine, si mmoja, mzima au aliyechinjwa muda huo huo. Gawa kila sampuli mara mbili, sehemu moja uipashe kwa nyuzi 80 dakika kumi, nyingine usiipashe, kisha hesabu makoloni, yaani vidoa vya bakteria vinavyoota. Idadi zikilingana, ulichokuwa nacho ni spora tupu, na tumbo lilikuwa njia ya kupita. Sehemu isiyopashwa ikizidi sana kwa bakteria huyo huyo, alikuwa anaishi na kuzaana mle. Otesha na majani waliyokula pia.

Kabla hujaendelea, kuna jambo la usalama wako. Bacillus aliyetoka kwa mnyama lazima aondolewe kwanza shaka ya kimeta, ugonjwa ambao hapa wengi wanauita sharbo. Kwa asilimia 97,1 shaka ni ndogo sana, ila herufi zako ni chache na hatujui usafi wake. Mwalimu wako akiwepo, tazama kama bakteria anatembea chini ya hadubini, na kama anayeyusha damu kwenye agari ya damu, yaani chakula kigumu cha kuoteshea kilichotiwa damu. Wa kimeta hatembei, na kwa kawaida hayeyushi damu. Akitokea asiyetembea na asiyeyeyusha, funga kila kitu, usifungue tena, mkabidhini kwa laboratwari ya mifugo. Usijaribu peke yako.

Na hapo hapo kuna somo kuhusu 16S yenyewe. Bakteria wa kimeta, anayeua ng'ombe kwa siku moja au mbili, na Bacillus cereus, anayetapisha watu waliokula wali uliolala, jini zao za 16S zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Ukizisoma peke yake unaweza kusema ni kitu kimoja. Jini hii ina sifa kubwa, ndiyo iliyowawezesha Carl Woese na George Fox kuonyesha mwaka 1977 kwamba vijidudu vinavyotengeneza methani ni ukoo wa mbali kabisa na bakteria. Inakuonyesha ukoo na nyumba. Mara nyingi haikuonyeshi mtu.

Ile 98,7 ya mwalimu wako ina asili yake. Erko Stackebrandt na Jonas Ebers waliipendekeza mwaka 2006, nao walikuwa wanazungumzia jini iliyosomwa karibu yote, herufi 1500 hivi, na iliyosomwa vizuri. Wewe una nusu. Jini ya 16S ina sehemu zinazobadilika haraka na sehemu ambazo hazibadiliki karibu kabisa. Nusu yako ikiangukia penye mabadiliko mengi, asilimia inashuka bila sababu, na ikiangukia penye utulivu inapanda. Halafu kuna grafu yenyewe inayotoka kwenye mashine ya kusoma DNA, ile yenye vilele vya rangi nne. Palipo na vilele viwili mahali pamoja, mashine ilibidi ichague herufi moja. Makosa ishirini katika herufi 740 yanatosha kukushusha kutoka 99,8 hadi 97,1. Vilele viwili vinaweza kutokana na nakala za jini zisizolingana ndani ya bakteria mmoja, maana Bacillus subtilis ana nakala kumi. Au koloni lako lilikuwa na bakteria wawili. Ndiyo maana unatenga koloni moja, unalipanda upya, unatenga tena, angalau mara tatu, kabla ya kupeleka chochote.

Angalia pia ulilinganisha na nani. Kwenye hifadhi za DNA za intaneti mistari ya juu mara nyingi imeandikwa tu kwamba ni bakteria asiyeoteshwa, au jina lililowekwa na mtu aliyekosea. Hao si mashahidi. Shahidi ni mfano rasmi wa spishi, yaani ule uzao hai ambao jina liliwekwa juu yake. Na majina yanahama: aliyekuwa Bacillus megaterium, tangu 2020 ni Priestia megaterium, na mwaka huo huo jenasi (kundi la spishi ndugu) kubwa ya Lactobacillus iligawanywa ikawa jenasi 25. Tafuta jina la sasa kabla hujaandika sentensi "ndugu wa karibu ni".

Tuseme yote yamepita salama: chupa tupu imebaki safi, mbuzi watano wamekupa bakteria yule yule, herufi 1500 zimetoka safi, na bado uko kwenye 97. Sasa moyo wako una haki ya kudunda. Kinachofuata ni jenomu nzima, yaani DNA yake yote. Unailinganisha na jenomu za mifano rasmi iliyo jirani, kipande kwa kipande, na wastani wa kufanana ukiwa chini ya asilimia 95 hadi 96, ni spishi tofauti. Mpaka huo ulichaguliwa kwa sababu unaendana na ule wa zamani wa asilimia 70, uliokubaliwa mwaka 1987, enzi ambapo DNA za bakteria wawili zilichanganywa kwenye chupa ili kuona zinashikana kiasi gani. Kazi ya hesabu hiyo inafanyika bure mtandaoni. Gharama iko kwenye kusomesha. Baada yake kuna vipimo vya mwili: joto na chumvi anavyovumilia, sukari anazokula, asidi anazotoa, mafuta ya utando wa seli yake. Vyote vifanywe siku moja na jirani yake wa karibu, kwenye mchuzi mmoja, maana namba za kitabuni zilipimwa na mkono mwingine.

Na bado hajawa spishi yenye jina halali. Kanuni ya kimataifa ya majina ya bakteria inataka uzao wake hai uwekwe kwenye hifadhi mbili za wazi zilizo katika nchi mbili tofauti, kama ile ya Braunschweig kule Ujerumani na ya Gent kule Ubelgiji, ili mtu yeyote duniani aweze kumwomba na kumpima upya. Kisha maelezo yachapishwe kwenye jarida la kimataifa la fani hiyo, au yakichapishwa kwingine, jina lipelekwe huko likaorodheshwe. Kongo imo katika Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya viumbe vya kila nchi, kwa hiyo kabla kijidudu hakijavuka mpaka kunahitajika kibali cha nchi. Hifadhi zitakidai. Anza kuuliza wizara ya mazingira mapema, usingoje mwisho.

Utaniuliza kwa nini kusumbuka na uzao hai, wakati siku hizi watu wanasoma DNA yote ya tumbo kwa mkupuo. Ni kweli: mwaka 2019 zilichapishwa jenomu 4941 kutoka matumbo ya ng'ombe 283 wa Scotland, nyingi za bakteria ambao hakuna mtu amewahi kuwaotesha, na tangu 2022 kuna kanuni nyingine inayokubali jina lisimame juu ya jenomu peke yake. Ninaiheshimu kazi hiyo. Lakini mimi ni daktari wa mifugo, nataka bakteria ninayeweza kumpa mnyama.

Unaujua mti wa lukaena, ambao Watanzania wanauita lusina, unaopandwa kwenye miteremko yetu kuzuia mmomonyoko. Majani yake ni chakula kizuri, lakini yana sumu inayonyonyoa manyoya na kuvimbisha shingo mnyama akiyala kwa wingi. Raymond Jones, mtafiti wa Australia, aliona kwamba mbuzi wa Hawaii wanayala bila kudhurika, huku mifugo ya kwao inaugua. Katika miaka ya 1980 bakteria wa tumboni mwa mbuzi wa Hawaii walipelekwa Australia, wakatiwa kwenye matumbo ya mifugo ya kule, na sumu ikakoma kuwasumbua. Kati yao Milton Allison na wenzake walimtenga mmoja anayeivunja sumu hiyo. Mwaka 1992 akapewa jina Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Angekuwa orodha ya herufi tu, hakuna ng'ombe ambaye angenufaika naye.

Sasa jina la baba. Kanuni inaruhusu jina la mtu, na inamshauri mwandishi asijipe jina lake mwenyewe, na heshima hii iwaendee hasa waliotumikia elimu hii au elimu ya viumbe. Sikukatazi. Ila fikiria na jina la mahali. Ziwa letu tayari lina wake: mwaka 1981 Leigh, Mayer na Wolfe walieleza bakteria kutoka Ziwa Kivu anayependa joto la nyuzi 66 na kuishi kwa haidrojeni na gazi ya kaboni, wakamwita Acetogenium kivui. Mwaka 1994 alihamishiwa jenasi nyingine akawa Thermoanaerobacter kivui. Jina la kwanza lilibadilika, Kivu ilibaki. Kila nikilikuta kwenye orodha ya hifadhi ya Ujerumani natamani lingine, lililoandikwa na mkono wa mtu aliyekulia hapa. Kama mbuzi wa Kabare wana mkaaji wao, kabarensis lingesikika vizuri. Na ukurasa wa kwanza wa memwari ni wako kumwekea baba, bila kanuni ya mtu yeyote.

Kuhusu memwari yenyewe, usiiache isubiri spishi mpya. Jenomu, vipimo na hifadhi vinaweza kula miaka. Badilisha kichwa kiwe juu ya Bacillus wa matumbo ya mbuzi wa Kabare, wakaaji au wasafiri. Una mbuzi, una gazi, una hadubini. Swali hilo unaweza kulijibu kabla ya kutetea, na jibu lolote litakalotoka lina thamani kwa mfugaji anayelisha majani ya vumbi.

Kwa wiki hii, shaka ya kimeta ikishaondolewa, kwanza usimpoteze uliye naye. Frigo peke yake usiiamini, umeme wetu unaujua. Bahati yako ana spora. Mwache kwenye agari siku saba mpaka hadubini ikuonyeshe spora nyingi, mchanganye na maji safi yaliyochemshwa kwa vipindi, dondosha kwenye vipande vya karatasi ya kuchujia iliyotakaswa, vikauke karibu na moto bila kuungua, uvifunge kwenye bahasha ndani ya chupa kavu. Vinakaa miaka kwenye droo. Tengeneza bahasha nne, mbili ubaki nazo, moja umpe mwalimu wako, moja ikae kwa mtu wa mtaa mwingine. Kwenye kila moja andika tarehe, mbuzi, mahali, na mchuzi uliotumika.

Kisha nitumie ile grafu ya vilele, faili lenyewe, si herufi 740 tupu. Na uniambie kuhusu chupa tupu. Kama hukuiacha, ipike leo jioni.